Vipimo Vitatu Kutoka Maskati

Shangazi yangu alivunjika nyonga kwa kuteleza bafuni, nyumbani kwake Kengeja, Pemba. Mtu ambaye kwa miaka arubaini alitembea juu ya mwamba wa pwani wenye utelezi asianguke hata mara moja. Alikuwa mchokoaji wa pweza. Maji yakitoka, alijifunga kanga kiunoni, akashika chuma chake, akaenda. Maji yakirudi, naye akarudi. Alipotoka hospitali na magongo mawili aliwekewa kiti karibu na dirisha la ukumbini, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kila aliyepita akitokea pwani aliitwa ndani aeleze maji yalitoka mpaka wapi, na kama lile shimo chini ya jiwe refu bado lina mtu. Alisema "mtu", akimaanisha pweza.

Nilikuja kumtazama kwa siku tatu. Ndiyo kawaida yangu. Niliacha shule darasa la saba halijaisha, na tangu hapo sijamaliza mwaka mahali pamoja. Nimebeba mizigo bandarini Mkoani, nimepika kwenye meli ya mizigo, nimekata vioo vya madirisha Dar es Salaam, na hukohuko Dar nilisafisha kwa miezi minane tangi kubwa la samaki wa baharini lililokuwa kwenye ukumbi wa hoteli. Kazi hiyo ndiyo iliyonitia wazimu. Ndani ya kioo mlikuwa na mwamba mzima unaopumua. Fundi wa tangi alikuja kila Jumatatu na sanduku la vichupa vya dawa, akapima maji, akaandika, akaondoka bila kusema alichokiona. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akaomba nihamishiwe jikoni.

Siku ya tatu Shangazi aliniuliza kama anavyowauliza wote, "Huko mwambani kumekuwaje?" Nikajikuta nasema, "Nitakuletea uone hapahapa."

Nilipata vioo vinene vya duka moja lililobomolewa Mkoani, nikavikata, nikaviunganisha kwa gundi ya vioo, nikaweka tangi mbele ya dirisha, mahali pa ule ukuta wa jirani. Maji niliyachota nje ya mwamba, madumu kumi, nikayaleta kwa baiskeli. Nilikuwa na mashine mbili ndogo, moja ya kusukuma hewa na nyingine ya kuzungusha maji, na betri ya kusaidia umeme ukikatika.

Viumbe vilikuwa jambo jingine. Pwani yetu ina kamati ya wavuvi, na huwezi kutoa kitu hai mwambani kwenda kukiweka nyumbani bila kamati kujua. Katibu wake ni mtu wa makamo ambaye, alipokuwa mtoto, Shangazi alimfukuza mwambani zaidi ya mara moja kwa kukanyaga mashimo ya pweza. Aliruhusu mawe yaliyokwisha tupwa ufukweni na mawimbi, konokono kumi, na kaa wadogo wale wanaobeba nyumba zao mgongoni.

Baada ya siku tisa konokono wote walikuwa wamekufa. Kaa wakafuata.

Shangazi hakulia. Alikaa na bakuli la makombe tupu mapajani, akayageuzageuza. "Pweza nilimuua mara moja," alisema, "nikamla, nikamshukuru Mungu. Hawa nawaua pole pole, na wala siwali."

Katibu alipokuja kuona, aliongea kwa upole, lakini aliongea. "Bi Mkubwa, mara ya kwanza tunasema hamkujua. Ikitokea ya pili, kila kilicho hai kinarudi baharini, na tangi mtawekea maji ya kunywa."

"Haki yako," Shangazi akajibu. "Wala hutahitaji kuniambia. Nitakwambia miye mwenyewe uje uvichukue."

Kwa hiyo tulibakiwa na nafasi moja. Nami nilijua, kwa kumtazama tu, kwamba akilipoteza lile tangi hatakuwa na kitu kingine cha kukigeuzia uso isipokuwa ukuta.

Nilianza kusoma. Nikisema kusoma, nina maana nilitazama video kwenye simu, nikazirudia, nikaandika maneno nisiyoyajua kwenye daftari, kisha nikayatafuta moja moja. Nilielewa kwamba maji mapya yaliyofungiwa kwenye kioo ni machanga. Uchafu wa wanyama hugeuka amonia, na amonia huwaunguza. Baadaye viini visivyoonekana huota kwenye mawe na kuila ile amonia, ikageuka naitreti, ambayo haina ukali ule, ila ikizidi nayo ni sumu. Kazi ile huchukua wiki kadhaa. Konokono wetu walitiwa kabla viini havijaota. Na hakuna njia ya kujua vimeota au bado kwa kutazama, maana maji ya kuua na maji ya kuponya yote ni meupe. Lazima upime.

Pemba nzima sikupata anayeuza vipimo hivyo. Lakini binti yake Shangazi anafanya kazi Maskati, na alikuwa anakuja nyumbani mwezi wa Shaaban. Nilimtumia ujumbe wa sauti. Akajibu akicheka.

"Weye kaka, darasani ulishindwa kukaa, leo unataka maabara? Haya. Mzigo wangu umejaa, kuna nguo za watu na dawa za mama. Chagua vitu vitatu, vidogo, na usinibadilishie maneno kila siku."

Aliyebadilisha maneno ni yeye. Siku ya pili alinipeleka kwa simu ya video mpaka ndani ya duka, akanionyesha rafu yote, kutoka chini hadi juu, huku muuzaji akisubiri. Nilikaa sakafuni karibu na kiti cha Shangazi, tukatazama pamoja kama watu wanaochagua kitambaa cha harusi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vijikaratasi vya kuchovya. Kijikaratasi kimoja kina miraba mitano, unachovya mara moja unapata majibu matano.

"Hivyo," Shangazi akasema. "Vitano kwa kimoja. Si yamekwisha?"

Nilivitamani. Lakini nilivikumbuka vya hoteli, vilivyokaa stoo kwenye joto na unyevu wa pwani. Tulipovifungua vilikuwa vimekwisha badilika rangi kabla ya kuguswa na maji. Na Kengeja ni hivyohivyo, chumvi yenyewe jikoni haikauki. Nikasema hapana, tunataka vya matone: unatia maji kwenye kichupa cha kioo, unadondosha dawa, unatikisa, unangoja, unalinganisha rangi na kadi. Nikamwambia binamu ageuze kila sanduku, asome tarehe ya mwisho wa dawa, na ahakikishe pameandikwa ni ya maji ya bahari, maana vipo vya maji baridi ambavyo kwenye maji ya chumvi vinaweza kukupa jibu la uongo.

Cha amonia hakikuwa na mjadala. Cha naitreti nacho tukakubaliana. Cha tatu ndicho kilichotufanya tubishane. Nilikuwa nataka cha alkali, kinachoonyesha kama maji yana ile nguvu ya chokaa ambayo matumbawe na konokono hujengea nyumba. Binamu akaingilia.

"Muuzaji anasema ulipaswa kuanza na cha chumvi. Kiko kama kidarubini. Unatia tone, unachungulia, kinakwambia chumvi ni kiasi gani."

Shangazi aliichukua simu mkononi mwangu. "Mwambie huyo muuzaji bahari yetu haijaishiwa chumvi."

Tulicheka sote watatu. Nadhani hata muuzaji alicheka, maana nilisikia sauti ya mwanamume nyuma. Mtu aliyezaliwa kisiwani, aliyechota maji baharini kwa mikono yake, anunue kitu cha kumwambia kwamba yana chumvi? Nikachagua alkali.

Vipimo vilifika vikiwa vimefungwa ndani ya soksi. Binamu alikaa wiki mbili, akampikia mama yake, akatutukana kwa kujaza ukumbi maji, akarudi kazini. Sisi tukaanza kupima.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi kupima siwezi. Kadi ya amonia inatoka njano ya maji salama kwenda kijani cha sumu, na kati yake kuna rangi nne ambazo kwangu zote ni moja. Shangazi aliziona zote. "Hino ni njano ya limau lililoiva," alisema, "na hino ni ya limau linaloelekea kuiva. Huoni?" Jicho lile lilikuwa limezoea kumtambua pweza aliyejigeuza jiwe katikati ya mawe. Basi tukagawana kazi. Mimi nadondosha na kuhesabu matone, yeye anatikisa, anajikokota kwa magongo mpaka mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, anasoma. Hatua zile nane za kwenda mlangoni ni zilezile ambazo daktari alimwagiza azifanye kila siku, naye alikuwa hazifanyi.

Tulitia dagaa wachache waoze humo, tukaona amonia ikipanda, ikasimama, ikashuka. Asubuhi moja Shangazi aliposema, "Njano tupu, limau limeiva," nilikwenda kwa katibu na daftari langu. Alisoma kurasa zote. Akatupa ruhusa ya pili: konokono watano, jiwe lenye matumbawe laini, na kile ambacho Shangazi alikitaka tangu mwanzo, ua la bahari pamoja na samaki wake wawili. Ni kiumbe hai, si ua, kina vidole laini mamia, na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda meupe hulala humo ndani bila kudhurika.

"Nitakuja kukagua bamvua la mwezi ujao, maji yakitoka sana," katibu akasema. "Bi Mkubwa, unalijua neno letu."

"Nalijua. Na weye safari hino tazama unapokanyaga."

Wiki mbili zilikuwa za raha. Kisha ua likaanza kujikunja. Kila siku lilifunguka kidogo kuliko jana. Samaki waliacha kulala ndani yake wakawa wanakaa kwenye pembe ya kioo, wakihema haraka. Tulipima. Amonia, hakuna. Naitreti, kidogo. Alkali ilikuwa ikipanda kila wiki bila mimi kutia chochote, na nilikuwa nimeifurahia. Nilidhani ni mawe yetu yanatoa neema.

Siku tatu kabla ya bamvua, Shangazi alisema, "Mwite yule bwana aje avichukue vingali hai."

"Nipe mpaka Ijumaa, siku anayokuja."

"Ijumaa utanipa nini? Rangi zote nzuri na wanakufa. Hivi vichupa vyako vinasema uongo, au vinasema kweli ya jambo jingine."

Mimi nikikwama husafisha. Nikachukua kitambaa kufuta ukingo wa tangi. Joto la kaskazi lilikuwa limepamba moto, nilikuwa nimeacha tangi wazi juu na feni ikipuliza ili maji yapoe. Kila asubuhi yalipungua vidole viwili, na kila asubuhi niliyajazia kutoka kwenye dumu la maji ya bahari, maji safi ya nje ya mwamba, niliyoyaendea kwa baiskeli. Ukingoni palikuwa na ukoko mweupe, mnene kama kucha. Nikaubandua.

Shangazi alinitazama. "Sasa unapika chumvi?"

Aliniambia kwa kejeli. Lakini mimi niliwahi kufanya kazi msimu mmoja kwenye mashamba ya chumvi, na kwa mara ya kwanza niliona nilichokuwa nakifanya. Shambani tulifungulia maji ya bahari kwenye vitalu, jua likayachukua maji likaacha chumvi, tukafungulia mengine juu yake, likayachukua, likaacha. Siri yote ya kazi ile ni kutotia maji baridi, yasiyo na chumvi. Nilikuwa nimejenga kitalu cha chumvi ukumbini kwa Shangazi na kutia samaki ndani, na ile alkali ilikuwa ikipanda pamoja na chumvi.

Nikamweleza. Akachovya kidole kwenye tangi, akalamba, kisha akachovya kwenye dumu, akalamba. Akatema.

"Hayano makali," alisema. "Wallahi makali. Mbona sikuyaonja siku zote hizo?"

"Kwa nini ungeonja? Ni maji ya bahari."

"Ndiyo," alisema. "Ni maji ya bahari." Akaanza kucheka mpaka akashika nyonga.

Ulimi ulitosha kutuambia kosa, haukutosha kutuambia kiasi. Nikachukua mrija wa kalamu mtupu, nikaziba chini kwa nta ya mshumaa, nikatia chembe za mchanga mpaka ukasimama wima ndani ya maji ya dumu, nikaweka alama ya wino palipokutana na maji. Nikauhamishia kwenye maji ya tangi. Uliinuka, alama ikawa juu ya maji kwa unene wa kidole kidogo. Maji yenye chumvi nyingi huinua kitu juu zaidi. Hilo hata mtoto anayejifunza kuogelea analijua. Sasa tulikuwa na kipimo cha nne, na tulijua mahali pa kufika.

Kwenye pipa la nje tulikuwa na maji ya mvua ya vuli. Nilitaka kutia ndoo nzima mara moja. Shangazi akanishika mkono. "Mtu aliyefunga humpi sahani ya wali kwa pupa. Pole pole." Tukatoa kikombe, tukatia kikombe, asubuhi na alasiri, na kila mara mrija ukateremka kwa unene wa uzi.

Ijumaa alasiri katibu alipiga hodi. Mrija ulikuwa umeteremka nusu tu. Ua lilikuwa bado limejikunja kama ngumi.

Aliinama mbele ya kioo, mikono nyuma. Sikuweza kumtazama usoni.

"Limekufa?" akauliza.

"Halijafa," Shangazi akasema. "Ila tumelikosea. Sikiliza nikwambie kosa letu, kisha uamue."

Akamweleza yote, asijifiche popote: muuzaji aliyetushauri, kicheko chetu, madumu ya kila asubuhi, ukoko. Katibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kicheko kikaanza kumshinda usoni.

"Yaani Wapemba wawili," alisema, "mmezidisha chumvi kwenye bahari?"

"Cheka. Cheka uishe, halafu uniambie."

"Na mtaalamu huyu hapa, mtu wa vichupa?"

"Mimi ndiye niliyechagua," nikasema.

Aliomba kuuona mrija. Shangazi mwenyewe akajikokota nao, akautumbukiza kwenye dumu, kisha kwenye tangi, akamwonyesha pengo lililobaki, akamwonyesha daftari na mistari ya siku tatu. Katibu alichovya kidole, akalamba kwenye vyombo vyote viwili, akakunja uso.

"Siku ngapi zaidi?"

"Nne," Shangazi akasema kabla sijafungua mdomo.

"Basi nne. Siku ya tano nakuja na ndoo. Likiwa hivi, naliweka ndani ya ndoo."

Siku ya kwanza hakukuwa na badiliko. Siku ya pili samaki mmoja alitoka pembeni, akalizunguka ua, akarudi. Siku ya tatu mrija ulikuwa karibu kufika kwenye alama, na Shangazi hakutaka kutoka mbele ya kioo hata kwenda kulala mchana. Niliswali, nikarudi, nikamkuta palepale, tasbihi mkononi, imesimama. Asubuhi ya nne nilikuwa nje nateka maji ya pipa nilipomsikia akiita jina langu, si kwa hofu. Nilipoingia alikuwa amesimama. Magongo yalikuwa sakafuni, kiganja chake kimoja kwenye kioo. Ua lilikuwa limejikunjua robo tatu, vidole vyake vikiyumba na maji, na samaki mmoja alikuwa ndani, kichwa tu nje. Wa pili hatukumwona. Tulimkuta nyuma ya jiwe jioni ile, amekufa.

Hatukumficha. Katibu alipokuja na ndoo yake siku ya tano, Shangazi alimwonyesha yule samaki kwanza, akiwa kwenye kisahani, kabla ya kumwonyesha ua.

Katibu alitazama kisahani. Kisha akaenda kwenye kioo akatazama ua, lililokuwa limefunguka lote sasa, pana kama sahani ya wali, na samaki wake akiingia na kutoka.

"Nilisema kikifa tena kitu, vyote vinarudi," alisema.

"Ulisema."

"Na kinachokufa hapa unakijua sababu?"

"Kila kimoja."

Aliweka ndoo chini, mdomo ukiangalia sakafu, akaikalia. "Mwambani kwetu vinakufa vingi," alisema, "na mimi katibu sijui sababu. Mwakani nikileta maji ya kule wanakolima mwani, kina mama wanalalamika mwani unaoza, utanisomea rangi zako?"

Shangazi alimwambia asiketi mbele ya dirisha, anawazibia mwanga wanyama.

"Kwa nini mwakani?" akasema. "Yalete kesho asubuhi. Uchote mwenyewe, na uandike umechota wapi."